Affinité kwa Kiswahili ni nini: ukwe, mvuto, ao kitu kingine?

MamaFaraja, Bukavu

Wapendwa, jambo zenu. Ninaomba msaada wa neno moja tu, lakini neno lenyewe limeninyima usingizi siku tatu.

Mimi ni mchapaji. Nina meza yangu chini ya baraza moja pale Nyawera, mashine moja, imprimante moja inayokohoa kila ikianza ukurasa, na turubai ya kufunika wakati wa mvua. Watu wananiletea karatasi za Kifaransa niwatafsirie Kiswahili, wengine za Kiswahili niwatilie katika Kifaransa. Mara nyingi ni barua za kuomba kazi, mikataba ya kupanga nyumba, matangazo ya matanga. Kazi hizo vidole vinazifanya vyenyewe, mimi akili iko nyumbani inaangalia kama maharagi hayajaungua.

Wiki hii zimenifikia karatasi tatu, za watu watatu wasiojuana, na zote zina neno moja: affinité.

Ya kwanza imetoka parokiani. Ni yale maswali ambayo padri anawauliza wachumba kabla ya ndoa, mmoja mmoja, mlango umefungwa. Kuna pahali panauliza kama kati ya hawa wawili kuna consanguinité ao affinité. Consanguinité haikunisumbua, niliandika udugu wa damu nikaendelea. Nikafika kwa mwenzake nikakwama.

Ya pili ni ya kijana anayejitayarisha kwa egzamene ya leta, yaani mtihani wa serikali. Kaniletea daftari la kemia, anasema mwalimu anafundisha kwa Kifaransa lakini akili yake yeye inafunguka kwa Kiswahili, basi nimgeuzie kurasa sita tu. Humo ndani kuna affinité ya elektroni, kuna affinité ya damu na hewa, sijui nini tena.

Ya tatu ni ya shirika linalofundisha akina mama kuunda AVEC, vile vikundi vya akiba na mikopo midogo. Karatasi yao inasema wanamemba wakusanyike «par affinité».

Nilichofanya, na mnicheke taratibu: niliandika «ujamaa» pahali pote. Padri alisoma akacheka mpaka akavua miwani, akaniambia, «Mama Faraja, ujamaa tumwachie Nyerere.» Kijana alirudi na «ujamaa wa elektroni» akaniuliza kama elektroni nazo zinatoa mahari. Hizo mbili ni za kuchekesha. Ya tatu haikunichekesha. Mama mmoja aliyesoma karatasi ya AVEC alikuja mezani kwangu kuuliza kama kweli yeye hawezi kuingia kikundi kwa sababu hana ndugu hata mmoja katika kartie. Amekimbia vita, yuko peke yake na watoto. Neno langu ndilo lililomfungia mlango.

Nikajaribu «mvuto». Sasa mfikirie padri, mlango umefungwa, anamwangalia binti wa watu: «Kati yako na huyu kijana kuna mvuto?» Padri, si ndiyo sababu tumekuja!

Swali langu: kuna neno moja la Kiswahili linalobeba yote matatu? Na kama haliko, kila moja niliandike namna gani? Padri anataka karatasi yake Ijumaa.

---

Mwalimu_wa_Himbi, Goma

Mama Faraja, karibu. Nafundisha kemia hapa Goma mwaka wa kumi na nne sasa, na hilo neno nimepigana nalo kila mwaka. Nitasemea daftari la kijana wako, mambo ya padri nawaachia wenyewe.

Kwanza «mvuto» ondoa. Kwenye fizikia mvutano ni ile nguvu inayoangusha embe chini. Inavuta embe, inavuta jiwe, inavuta mtu, haina ubaguzi. Affinité ni kinyume chake: yenyewe inabagua. Maana yake yote iko kwenye kubagua.

Fanyeni hivi nyumbani. Chukua ile dawa ya buluu ambayo wakulima wanachanganya na chokaa kupuliza mimea isishikwe na ukungu, ndiyo sulfati ya shaba. Koroga kidogo katika maji, ndani ya glasi ambayo hamtanywea tena. Tia msumari wa chuma uliosuguliwa vizuri. Dakika kadhaa unaona msumari unavaa koti jekundu, na kesho yake buluu ya maji imefifia. Ile jekundu ni shaba. Sulfati ilikuwa imeshikana na shaba, chuma kilipoingia ikaiacha shaba ikashika chuma. Wanafunzi wangu wa nyuma hupiga kelele kila mwaka, «Mwalimu, amemwacha bibi!» Nami sikatai, kwa sababu wazee wa kemia wenyewe waliona hivyo hivyo.

Mwaka 1718 Mfaransa Geoffroy alichora jedwali la safu 16. Juu ya kila safu kaweka kitu kimoja, chini yake kapanga vile vinavyoshikana nacho, wa kwanza kuliko wote akiwa juu, wa mwisho chini. Ukileta aliye juu, aliye chini anafukuzwa. Yeye aliogopa hata kusema affinité, aliandika «rapports», yaani mahusiano tu, kwa sababu wenzake walishuku habari za vitu kupendana. Mswidi Bergman akaja 1775 na majedwali marefu zaidi, yeye akaita mivuto ya kuchagua. Wajerumani kwa jambo hilohilo wakatumia Verwandtschaft, neno lao la siku zote la undugu, na mwaka 1809 Goethe akachukua «undugu wa kuchagua» akalifanya jina la riwaya: mume na mke wametulia nyumbani, wanapokea wageni wawili, na kila mmoja anaanza kugeukia asiye wake. Msumari ndani ya glasi, kabisa.

Kwa hiyo mimi darasani nasema upendeleo. Upendeleo wa elektroni: ile nishati inayotoka atomu ya gesi inapopokea elektroni moja zaidi. Na hapa mwambie kijana awe macho, watu wa mtihani wanapenda mtego huu. Anayeongoza si fluori, ni klori: kilojuli 349 kwa moli, fluori ina 328. Fluori ni ndogo mno, elektroni zake zimebanana kama abiria wa basi la asubuhi, anayekuja kupanda anasukumwa na waliomo.

Ile ya damu nayo nitaisema, kwa sababu si ya mtihani peke yake. Hemoglobini inabeba oksijeni, lakini monoksidi ya kaboni ikifika inaishika kwa upendeleo wa mara 200 na zaidi. Ni sulfati na chuma tena, oksijeni inaachwa. Mbabula ya makala, yaani jiko la mkaa, ndani ya nyumba iliyofungwa usiku wa baridi ndivyo inavyoua: hewa ya kuvuta iko, damu ndiyo imekwisha kuchagua mwingine. Watu wa hapa Goma hulichanganya jambo hili na mazuku. Mazuku ni dioksidi ya kaboni inayotoka ardhini, nzito kuliko hewa ya kawaida, inalala kwenye mabonde na mashimo, inamwahi mtoto na mbuzi kabla ya mtu mzima aliyesimama. Ile ya mbabula haina habari na mabonde, inakufuata mpaka kitandani juu. Mwaka jana jirani yangu alilala na mbabula mlangoni «ili moshi utoke». Moshi ulikuwa umekwisha zamani. Alinusurika kwa sababu mtoto alilia usiku akafungua mlango.

Nimeandika sana, samahani.

---

TataKatuba, Lubumbashi

Jambo mama. Mi niko Lubumbashi, natumikaka ku usini moja ya shaba, myaka kenda sasa. Mwalimu amesema muzuri lakini «upendeleo» ni neno ya ku kitabu. Siye ku usini hatusemake vile.

Angalia. Bakisha kusaga mawe, banaweka asidi, shaba inayeyuka mu maji. Lakini haiko shaba peke yake, kobalti nayo iko mule, na chuma, na takataka ingine. Sasa banatia mafuta, ni petroli banachanganya na dawa. Banakoroga na maji, halafu banaacha itulie mu tanki kubwa. Mafuta inapanda juu, maji inabaki chini. Ile mafuta imekamata shaba, kobalti imeiacha mu maji. Siku ya kwanza mi nilisimama pale nasema, macho haina, mikono haina, imejua je?

Muzee mwenye alinifundisha kazi akasema: «Inapendaka shaba.» Basi. Njo vile banasemaka bote, tangu bakubwa mpaka siye. Ile dawa inapenda shaba. Asidi ikizidi mu maji, haipende tena, inaiachilia. Na njo vile banaitoaka: banapeleka mafuta fasi kwenye asidi ni kali sana, shaba inashuka, inaenda ku umeme inakuwa bibamba.

Kwa hiyo mama, usitafute jina ya kitu. Sema paka vile inafanya. «Inapenda.» Mutoto atasikia.

---

kivu_moja, Bukavu

Mnapoteza muda. Andika affinité, weka alama mbili pembeni, songa mbele. Kila mtu Bukavu anaelewa Kifaransa.

---

MamaFaraja, Bukavu

@kivu_moja, kaka yangu, angekuwa kila mtu anaelewa, mimi ningekuwa nauza mikate.

@TataKatuba, aksanti papa. «Asidi ikizidi haipende tena» nimeicheka peke yangu mpaka mteja akaniangalia. Najua nyumba za namna hiyo.

---

Katekista_Mzee, Kadutu, Bukavu

Binti yangu Mama Faraja, amani. Karatasi hiyo ya padri naijua, nimeisimamia miaka mingi. Neno unalolitafuta liko mdomoni mwako tangu uolewe: ukwe.

Kanisa linatenganisha vitu viwili. Udugu wa damu ni wewe na wale mliotoka tumbo moja, babu mmoja. Ukwe ni kile kinachozaliwa na ndoa halali: mume anakuwa na ukwe na ndugu wa damu wa mke wake, mke anakuwa na ukwe na ndugu wa damu wa mume wake. Kanuni ya 109 ya kitabu cha sheria za Kanisa cha mwaka 1983 inasema hivyo. Kuna na methali ya Kilatini ya wanasheria: affinitas haizai affinitas. Maana yake ndugu yako na ndugu wa mume wako, kwa Kanisa, si kitu. Wanaweza kuoana Jumamosi ijayo. Nenda sasa ukamwambie mzee wa kwetu kijijini kwamba kaka wa mkaza mwanawe si mkwe wake! Atakuuliza ni nani basi aliyekula mbuzi kwenye arusi.

Swali la padri halina mchezo. Mjane mwanaume akitaka kumwoa binti ambaye marehemu mke wake alimzaa na mtu mwingine, hapana, ndoa haipo, kanuni ya 1092, ukwe wa mstari wa kushuka. Lakini akitaka kumwoa dada wa marehemu, leo inawezekana. Katika kitabu cha zamani, cha 1917, hiyo nayo ilikuwa kizuizi, ilibidi kuombewa ruhusa. Nyuma zaidi ilikuwa balaa: kabla ya Mtaguso wa Laterano wa 1215 walihesabu mpaka kizazi cha saba, ndipo wakapunguza mpaka cha nne. Kizazi cha saba! Hapa Kadutu nani angebaki wa kuolewa?

Leta, yaani serikali, nayo ina maneno yake. Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa 2016, inasema parenté kwa damu na alliance kwa ndoa. Ukiandikia mtu karatasi ya biro ya hali ya raia, tumia hayo, usichanganye na ya parokia.

Sasa jambo moja la mwisho, nililipenda tangu seminari ndogo. Affinis, kwa Kilatini, kabla ya mambo ya ndoa, ni mtu ambaye shamba lake linapakana na lako. Finis ni mpaka. Mkwe ni jirani wa mpakani: si wa ndani ya shamba lako, lakini ukimwaga maji yanamfikia. Sisi tunaokaa na mto Ruzizi katikati tunalielewa bila mwalimu. Na wa ng'ambo, upande wa Rwanda, arusi wanaiita ubukwe, mkwe ni umukwe, neno ni lilelile letu, limevuka daraja bila laissez-passer.

---

Mzaliwa_wa_Kasongo, Birere, Goma

Asalaam alaykum nyote. Mama, umeuliza kama kuna neno moja la kubeba yote. Lipo: mnasaba. Limetoka kwenye Kiarabu, shina moja na nasaba, yaani ukoo. Ukisema mambo mawili yana mnasaba, unasema yanahusiana, yanafaana, yana ujamaa fulani. Linaweza kusimama kwa watu, na kwa mambo, na kwa elektroni za mwalimu ukilisukuma kidogo.

Lakini naomba niwe mkweli kwa Mzee Katekista. Nasaba yenyewe ni damu, si ndoa. Katika Qur'ani, sura ya 25 aya ya 54, Mwenyezi Mungu amemuumba mtu kutokana na maji, akamjaalia nasaba na ukwe. Viwili, kila kimoja na jina lake. Kwa hiyo kwenye karatasi ya padri mnasaba utachanganya kile ambacho swali lenyewe linataka kutenganisha. Hapo ukwe ndio sahihi.

Kwa AVEC usiandike hata mnasaba. Wazee wetu Kasongo wangesema wale watu damu zao zimepatana. Unakutana na mtu sokoni, hamjuani, hamkuzaliwa pamoja, dakika mbili mnaongea kama mliolala kitanda kimoja. Damu zimepatana. Hakuna nasaba wala ukwe, na bado tunaita damu.

---

Mwalimu_wa_Himbi, Goma

Ustadhi, «damu zimepatana» ni nzuri sana, ila kwa AVEC naogopa. Mama aliyekimbia vita akisoma «damu» atarudi mezani kwa Mama Faraja mara ya pili.

Na Tata wa Katuba, umenishinda. Kesho darasani nasema «klori inapenda elektroni kuliko fluori», tuone nani atalala.

---

MamaFaraja, Bukavu

Wazee wangu, walimu wangu, aksanti sana. Nimekaa na majibu yenu jioni nzima, umeme ulikatika mara mbili nikayasoma kwenye simu.

Nimeamua hivi. Kwa padri: ukwe, na chini yake nimeongeza mstari, «yaani undugu uliotokana na ndoa, yako ao ya mwingine aliyekutangulia», ili binti asiyejua asijibu tu hapana. Kwa kijana: nimeandika upendeleo kwenye vichwa vya habari, na ndani ya maelezo nimeandika «inapenda», kama Lubumbashi. Aliposoma alisema, «Maman, sasa nimesikia.» Na kwa AVEC: «mkusanyike na watu mnaopatana na kuaminiana, wawe ndugu ao wasiwe ndugu.» Ni maneno mengi kwa neno moja la Kifaransa. Shirika walilalamika kwamba mstari hautoshi kwenye karatasi yao. Niliwapunguzia herufi.

Mnasaba, ustadhi, sikulitumia, unisamehe. Hapa tunalisikia kwenye redio tu, «kwa mnasaba huo», nami ninavyojua watu wa Nyawera wangefikiri ni jina la mtu.

Sasa niwaambie kwa nini neno hili lilinikamata hivi, maana karatasi ngumu nimepata nyingi na nililala vizuri.

Mume wangu alifariki miaka minne iliyopita. Mama yake alibaki kwangu. Watu walisema atarudi kwa binti zake, yeye mwenyewe alifunga kikwembe chake vizuri akasema, «Mimi nitakwenda wapi na huu mguu?» Akabaki. Asubuhi ananiamsha yeye. Kahawa ninapika mimi, yeye anasema haina sukari hata ikiwa na vijiko vinne. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, anachagua zile ndogo kabisa kwa mkono, moja moja, anasema kubwa zimezeeka. Nikimtaja kwa watu nasema mama mkwe, nyumbani ni mama tu, na yeye ananiita mkamwana siku nikiwa nimemkosea, siku nyingine ananiita kwa jina nililopewa na baba yangu, ambalo hata marehemu hakulitumia.

Mwezi wa pili alishikwa na presha usiku. Tulimpeleka hospitali moja, sitaitaja. Pale kwa mapokezi kijana ananiuliza, «Wewe ni nani wake?» Nikasema ni mkamwana. Akauliza, «Mume wako yuko wapi asaini?» Nikasema amefariki. Akaniangalia. «Basi wewe si mzazi wake, si mtoto wake, na mwanamume aliyewaunganisha hayuko. Hauna lien.» Lien! Saa saba ya usiku, mimi nimembeba mgongoni kutoka barabarani mpaka pale, yeye ananiambia hakuna kinachonifunga naye. Nikamwambia aandike anachotaka, mradi daktari aje. Akaandika. Daktari alikuja, mama alipona, namshukuru Mungu.

Siku ya kutoka nikapewa karatasi. Kwenye mstari wa undugu wangu na mgonjwa, yule kijana alikuwa ameandika «voisine». Jirani. Nilikasirika, wapendwa. Niliikunja ile karatasi nikaitia ndani ya Biblia ili nisiipasue.

Ndipo Mzee Katekista ananiambia hapa kwamba neno lenyewe, zamani, lilikuwa jirani wa mpakani. Nilicheka mpaka nikakohoa kama imprimante yangu.

Mzee, nakuuliza swali moja la sheria: mume akifa, ukwe unakufa?

---

Katekista_Mzee, Kadutu, Bukavu

Haufi, binti yangu. Kwa Kanisa ukwe ukishazaliwa unadumu. Kama ungekuwa unakufa pamoja na mwenye ndoa, ile kanuni ya 1092 ingekuwa na kazi gani? Inawaongelea hasa waliobaki.

Yule kijana wa mapokezi alikosa Kilatini na akakosa na adabu. Msalimie mama.

---

TataKatuba, Lubumbashi

Mama, pole sana. Ungemwambia: «Inapendaka.»

---

MamaFaraja, Bukavu

@TataKatuba, 😂 nitamwambia siku nyingine.

@Katekista_Mzee, nimemsalimia. Nilimsomea na jibu lako lote, anapenda kusomewa. Nilipofika kwa jirani wa mpakani nikamwonyesha ile karatasi ya hospitali, sikuwa nimemwonyesha kabla. Aliishika mbali na macho kama anavyoshika kila kitu, akaniuliza pale pameandikwa nini. Nikasema, wameandika mimi ni jirani yako.

Akanyamaza kidogo. Halafu: «Jirani. Basi mwambie huyo kijana jirani yangu amesahau kununua chumvi.»

Ilikuwa kweli, nilisahau. Naenda sasa kabla duka halijafunga. Padri atapita kesho kuchukua karatasi yake.